Zamu ya Kushika Beseni

Mathayo, Marko na Luka wanapofika kwenye usiku wa mwisho wa Yesu na wanafunzi wake, wanasimulia mkate na kikombe. Yohana hasimulii. Usiku huo anautengea sura tano nzima, lakini mkate na kikombe havimo. Pale ambapo tungevitarajia ameweka beseni la maji. Yesu anaondoka mezani, anavua vazi la juu, anajifunga kitambaa kiunoni, anainamia miguu ya mtu wa kwanza, kisha wa pili, mpaka wanaisha wote. Wataalamu wa Maandiko wamebishana sana juu ya sababu ya Yohana kufanya hivyo, nami sitaingia katika ubishi wao. Inatosha tukubaliane kwamba mwinjilisti mmoja aliona beseni linastahili kukaa mahali ambapo wenzake waliweka Ekaristi. Mkate na kikombe tumevijengea tabernakulo, tukaviwekea kanuni za nani avishike na akiwa amevaa nini. Beseni tumewaachia kina mama wa jikoni.

Tuanze na miguu yenyewe. Katika Palestina ya karne ya kwanza watu walitembea na viatu vya wazi kwenye njia za vumbi zilizopitwa pia na punda na kondoo. Mgeni akifika, mwenye nyumba aliyelelewa vizuri humpa maji. Kuosha ilikuwa kazi ya mtumwa, tena si kila mtumwa: marabi walifundisha kwamba mtumwa wa Kiebrania asilazimishwe kumwosha bwana wake miguu, kwa kuwa kazi ile inamdhalilisha mno. Ndiyo maana Abigaili, alipotaka kujishusha mbele ya Daudi mpaka mwisho, alijitolea kuosha miguu ya watumishi wa Daudi. Hakuona kazi ya chini zaidi ya kuitaja.

Luka naye ana jambo la kuongeza. Anasema kwenye meza hiyo hiyo wanafunzi walikuwa wakigombana nani kati yao ni mkubwa. Ziweke habari hizo mbili pamoja, uone chumba kilivyokuwa. Maji yapo, beseni lipo, kitambaa kipo, na wanaume kumi na wawili wamekaa na miguu yenye vumbi, kila mmoja akijua kwamba atakayenyanyuka kushika beseni atakuwa amelijibu swali la ugomvi kwa hasara yake mwenyewe.

Anayetaka kuionja aibu ya tukio lile hapa kwetu asitazame miguu, atazame mikono. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kabla ya chakula hupita mtoto, au binti, au mke kijana wa nyumba, ana birika na beseni, anawanawisha wageni mmoja mmoja. Kwenye baadhi ya jamii za kandokando ya Ziwa hupiga magoti kabisa. Wageni wanaendelea na mazungumzo yao. Wachache humtazama usoni. Sasa chukulia askofu amealikwa, viti vya kitambaa vimepangwa, na binti anapomfikia, askofu anasimama, anachukua birika mkononi mwake, anaanza kuwanawisha watu, akianza na dereva wake. Mwenye nyumba atapoteza maneno. Mama atamvuta binti jikoni amuulize amekosea nini. Na katekista atakimbia kulinyakua birika huku akisema, "Baba, haiwezekani!"

Huyo katekista ndiye Petro. Kukataa kwa Petro kuoshwa miguu huhubiriwa kama unyenyekevu uliozidi kipimo, lakini mimi naona hofu ya mtu aliyekwisha kuzoea ngazi. Bwana yuko juu, mwanafunzi yuko chini, na mwanafunzi mvumilivu siku moja atapanda. Bwana akishuka mpaka sakafuni, hapana tena pa kupanda. Jibu alilopewa lilikuwa kali: asipokubali kuoshwa, hana sehemu na Yesu. Tuliangalie jibu hilo vizuri. Petro hakuambiwa kwamba asipowaosha wengine atakosa sehemu yake. Hilo lilifuata baadaye. La kwanza lilikuwa kukubali kutumikiwa.

Wako watu wema kweli kweli katika makanisa yetu ambao hawajalivuka somo hilo la kwanza. Wanatoa, wanalisha, wanalipia ada watoto wa majirani. Wakiugua wao, hawataki mtu ajue. Ukiwapelekea uji hospitalini, kabla ya wiki kwisha wamekuletea mkungu wa ndizi ili pasiwe na deni. Wanampenda jirani kwa sharti kwamba jirani ndiye awe mhitaji. Ni ukarimu, sina shaka, lakini umeacha mtu mmoja daima akiwa mtoaji na mwingine daima akiwa mpokeaji, na mpokeaji huchoka. Mwulize yeyote aliyewahi kulelewa kwa misaada ya jamaa mwenye nacho.

Baada ya kuvaa tena vazi lake, Yesu hakuwaagiza wamwoshe yeye kwa shukrani. Hakuwatuma pia waende mjini wakatafute maskini wa kuwaosha, ingawa hilo nalo lina mahali pake kwingineko katika Injili. Aliwaagiza waoshane. Kwa agizo hilo kila mmoja wa wale kumi na wawili alipata nafasi mbili, ya kuinama na ya kuinamiwa, na hakuna aliyeruhusiwa kubaki na moja. Yuda naye alikuwa ameoshwa, kwa maana alitoka nje baadaye.

Kanisa lililigeuza tendo hilo kuwa ibada, na ibada ina tabia ya kusafisha mambo. Enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, katika karne ya 16, malkia aliosha miguu ya wanawake maskini kila Alhamisi Kuu, idadi yao sawa na miaka ya umri wake. Ila kabla hajaifikia, miguu hiyo ilikuwa imeoshwa na dobi wa kasri, kisha na wakuu wa idara ya sadaka, mmoja baada ya mwingine. Malkia alikuta miguu isiyo na cha kuoshwa. Baadaye wafalme waliacha maji kabisa, na siku hizi mfalme wa Uingereza hugawa sarafu. Tusicheke sana. Kwenye parokia zetu wale kumi na wawili huchaguliwa mapema, nao huja wamejisugua visigino kwa jiwe na kuvaa soksi mpya. Paroko anamimina vijiko viwili vya maji juu ya mguu ulio safi kuliko wake. Kisha ibada inaendelea, na baadaye kina mama wanakwenda kupika.

Papa Fransisko alijaribu kulirudishia beseni vumbi lake. Alhamisi Kuu ya 2013, wiki mbili tu baada ya kuchaguliwa, alikwenda kwenye gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akaosha miguu ya wafungwa 12. Wawili walikuwa wasichana, na mmoja wa wasichana hao Mwislamu, wakati kanuni za ibada zilikuwa bado zinataja wanaume peke yao; kanuni hiyo ilibadilishwa Januari 2016. Aprili 2019, akiwa na miaka 82 na akihitaji kushikwa ili aweze kuinama, alipiga magoti Vatikani akabusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, Rais Salva Kiir na hasimu wake Riek Machar wakiwamo, akiwasihi wasirudi vitani. Serikali ya pamoja iliundwa Februari 2020, lakini mapigano hayakukoma. Wapo waliosema papa alijidhalilisha bure. Wanasahau kwamba beseni halijawahi kumlazimisha mtu. Yuda alitoka akiwa ameoshwa miguu, akaenda kwa makuhani.

Mtu aliyelipata somo la beseni kwa njia ndefu na chungu ni Pakomi, Mmisri wa karne ya nne, naye anastahili kukaa nasi kwa kurasa kadhaa.

Alizaliwa mnamo 292 katika eneo la Esna, Misri ya Juu, na wazazi wasio Wakristo. Akiwa na miaka kama 20 aliswagwa jeshini pamoja na vijana wengine, wakapakiwa mashuani na kushushwa Mto Nile. Walipofika Thebe, mji ambao leo ni Luxor, walifungiwa gerezani wasitoroke. Jioni wakaja watu wa mji na chakula, wakawalisha wale vijana wasiowajua. Pakomi akauliza hao ni nani, na kwa nini wanafanya hivi. Akaambiwa ni Wakristo, na kwamba ni desturi yao kumtendea wema kila mtu. Hakuna aliyemhubiria zaidi ya hapo. Usiku huo alimwomba Mungu wa watu wale kwamba akitoka salama atawatumikia wanadamu siku zake zote.

Alitoka bila kupigana. Akaenda kijiji cha Sheneset, akabatizwa, akaanza kutimiza nadhiri yake kwa namna ya kawaida kabisa: maradhi yalipoingia kijijini, aliwakusanyia wagonjwa kuni. Baadaye aliishi miaka kadhaa na mtawa mzee, Palamoni, aliyemfunza sala na kufunga. Kisha, mnamo 323, akahamia Tabenesi, kijiji kilichokuwa kimeachwa na wenyeji, na watu wakaanza kumfuata.

Sehemu inayofuata ndiyo ambayo vitabu vya watakatifu huipita haraka, nami naiona ndiyo yenye somo. Pakomi aliamua kuwa mtumishi wa wale watu wa kwanza. Wao walifanya kazi zao, wakampa fedha za chakula. Yeye akanunua, akapika, akapakua, akaosha. Hakuwawekea sheria, akiamini kwamba mfano wake utawageuza. Haukuwageuza. Walimwona mjinga. Wakati wa mavuno alikuwa akiwapelekea chakula shambani juu ya punda, na siku moja walipomaliza kula, wengine wakampanda punda kwa mchezo, na yeye, baba yao wa kiroho, wakamwambia abebe vyombo mgongoni. Alivibeba. Alivumilia mambo ya namna hiyo miaka minne au mitano. Hatimaye aliona kwamba hawajengi wala hawajengeki, akawawekea masharti, na walipoyadharau akawafukuza wote.

Yapo mahubiri mengi ya unyenyekevu ambayo yangemlaumu kwa hilo. Yangemtaka aendelee kubeba vyombo mpaka afe, na jina lake liandikwe kwenye kalenda. Lakini mtu anayetumikiwa na kila mtu bila yeye kumtumikia yeyote anaharibika, na Pakomi alikuwa ameshiriki katika kuwaharibu wale watu. Utumishi wake ulikuwa umewanyima nafasi ya kuinama.

Kundi la pili alilianza kwa utaratibu mwingine. Watawa waligawanywa katika nyumba, na huduma ya jumuiya ikafanywa kwa zamu: nyumba moja inashika wiki hii, nyingine inapokea wiki ijayo. Chakula kimoja, vazi moja, na mkubwa wa jumuiya yumo ndani ya utaratibu huo huo. Alipofariki mwaka 346, tauni ikiwa inawamaliza watawa wake, kulikuwa na monasteri tisa za wanaume na mbili za wanawake. Kanuni zake zilifika hata Magharibi baada ya Jeromu kuzitafsiri kwa Kilatini mwaka 404. Ukitafuta mwanzo wa maisha ya kitawa ya pamoja katika Ukristo, utaupata hapo kandokando ya Nile, na chini yake utakuta orodha ya zamu.

Kuna visa viwili vya Pakomi mzee ambavyo huwa navikumbuka kila ninapoona kiti cha mgeni rasmi. Siku moja alikuwa amekaa anasuka mkeka. Mtoto mmoja aliyekuwa zamu wiki ile akapita, akamwambia kwamba anakosea, kwamba wao wamefundishwa kuusuka kwa namna nyingine. Pakomi akainuka, akamwomba mtoto amwelekeze, akakaa tena akasuka kama alivyoelekezwa. Kisa cha pili ni cha siku zake za mwisho. Homa ilikuwa imemkausha na blanketi lilimlemea, akaomba jepesi. Mwanafunzi wake Theodori akakimbilia stoo akaleta zuri kuliko yote. Pakomi alipoliona alilikataa, kwa sababu ndugu wengine waliokuwa wakiugua karibu naye hawakuwa nalo. Alikubali kufunikwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani kama mgonjwa mwingine yeyote. Alichokataa ni ubora wa blanketi.

Miaka mia tatu hivi kabla yake, kanisa la Yerusalemu lilikuwa limekutana na tatizo lile lile, la nani ahudumu na nani ahudumiwe, kwa sura nyingine. Kitabu cha Matendo kinasema wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mitume waliitisha mkutano, na kanisa likachagua watu saba. Wachungaji wengi huipenda sana kauli ya mitume kwamba haifai waliache Neno ili wahudumu mezani, nao huitumia kila wanapoona sufuria. Hawasomi orodha iliyofuata. Majina yote saba ni ya Kigiriki: upande uliokuwa ukilalamika kwamba hauhudumiwi ndio uliokabidhiwa mwiko. Na wawili kati ya hao wahudumu wa meza, Stefano na Filipo, ndio tunaowakuta mara moja baadaye wakihubiri, mmoja mpaka kuuawa, mwingine mpaka Samaria. Inaelekea Neno na meza havikutengana kama tunavyopenda kudhani.

Karibu na kwetu yuko Christopher Mwoleka, aliyekuwa askofu wa Rulenge, kaskazini-magharibi mwa Tanzania mpakani na Rwanda na Burundi, tangu 1969. Miaka ya 1970 Kanisa la Tanzania lilikuwa likijadili ujamaa kwa tahadhari: wengine waliuunga mkono, wengine waliuogopa kama ukomunisti uliovaa kanzu. Mwoleka aliomba kuishi katika kijiji cha ujamaa kama mwanakijiji wa kawaida, akashika jembe na wenzake. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiteolojia kabisa. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa ili tuufumbue kama kitendawili, umefunuliwa ili tuuishi, na kwamba nafsi tatu zinazoshirikiana kila kitu ndizo kielelezo cha kijiji. Ni haki kukumbuka kwamba vijiji vingi vilivyofuata viliundwa kwa amri, na watu walihamishwa kwa nguvu. Hapo hapakuwa na beseni, palikuwa na bunduki. Lakini askofu anayelima mstari mmoja na waumini wake anajua njaa yao kabla ya kuisoma kwenye ripoti, nao wanajua uchovu wake. Kutoka hapo si mbali mpaka kwenye jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976: kaya chache za jirani zinazosali, zinazotembelea wagonjwa na kuzikana pamoja.

Sasa twende msibani, kwa kuwa ndiko ukweli wa jumuiya hizo unakoonekana. Chini ya turubai wamekaa wanaume, na wazee wa kanisa wako mbele. Nyuma ya nyumba kuna moshi, sufuria za wali wa watu mia mbili, na wanawake walioamka saa tisa usiku. Mhubiri anasimama na kuwasihi waombolezaji wawe wanyenyekevu na watumikiane. Wanaomsikia vizuri ni wale walio chini ya turubai. Walio kwenye moshi hawasikii kitu, na wangesikia, wasingekuwa na la kuongeza.

Hilo ndilo linalonifanya niwe mwangalifu na neno la unyenyekevu likihubiriwa kwa jumla. Mara nyingi linawafikia watu walio sakafuni tayari, likiwaambia wabaki huko kwa furaha. Binti wa kazi ambaye kila Jumapili hukosa ibada ili familia ikirudi kanisani ikute chakula mezani hahitaji mahubiri juu ya kuosha miguu. Ameosha. Anahitaji mtu wa nyumba hiyo abaki jikoni Jumapili moja, yeye aende akakae kwenye benchi, na akirudi akute sahani yake imefunikwa. Kumhubiria uvumilivu mtu huyo, huku aliye juu yake akihubiriwa baraka, ni kumfanyia kile ambacho kundi la kwanza lilimfanyia Pakomi, tena kwa kutumia jina la Yesu.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako msomaji, hasa kama wewe ni mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa kanisa, paroko au mchungaji. Mtakapokutana wiki hii, toeni daftari, andikeni majina ya wote, na mbele ya kila jina mwandike mara ya mwisho mtu huyo alipofagia kanisa, alipokesha na mgonjwa, alipoosha sufuria za msiba. Andikeni pia mara ya mwisho alipotembelewa yeye. Mkikuta majina yenye nafasi tupu upande mmoja au mwingine, pangeni zamu upya hapo hapo kabla ya sala ya kufunga, na jina lako wewe unayeongoza likae la kwanza, kwenye sufuria.